Karatasi Niliyoikataa

Masomo: Kutoka 21:28-29, Kumbukumbu la Torati 22:8, Isaya 2:4

Wiki hii mchungaji amenipa nafasi katika jarida letu niandike juu ya jambo ambalo nimelibeba kwa miaka mingi. Haya si mahubiri. Ninyi mnanijua, mimi ni mzee wa kanisa tu, kazi yangu ni kufungua mlango, kuhesabu sadaka na kutunza ubao wa matangazo. Na jambo lenyewe linahusu huo ubao.

Mwaka wa 2015, Alhamisi tarehe 2 Aprili, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, watu wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri. Baadhi ya wanafunzi walikuwa katika maombi ya asubuhi. Waliouawa siku hiyo walikuwa 148, wengi wao wanafunzi. Nchi nzima ililia. Kule Nairobi watu walikusanyika Uhuru Park na mishumaa, misalaba na picha za marehemu, wakisema hawa si hesabu tu, kila mmoja alikuwa na jina na mama.

Jumapili iliyofuata Pasaka, kijana mmoja wa kikundi chetu cha vijana alinijia kabla ya ibada. Alikuwa amekunja karatasi ya manila, ile kubwa. Akaifungua juu ya viti viwili. Alikuwa amechora bunduki kwa maka nyeusi, akaikata kwa mstari mwekundu. Chini yake akaandika 148, na chini ya 148 akaandika swali: "Bunduki hizi zilipitia kwa nani?" Akaniambia kwa heshima, "Mzee, naomba niibandike kwa ubao."

Nikamwambia hapana.

Nilimpa sababu tatu. Naziandika hapa kama nilivyozisema, kwa maana nadhani wengi wenu mngesema hizo hizo. Ya kwanza, hiyo ni siasa, na nyumba ya Mungu si mahali pa siasa. Ya pili, si bunduki inayoua, ni moyo wa mtu, na sisi kazi yetu ni kuhubiria mioyo. Ya tatu, karatasi haizuii risasi.

Kijana hakubishana. Alikunja karatasi yake polepole, akautazama ubao, akasema, "Sawa, mzee. Lakini mheshimiwa amekaa hapo wiki tatu."

Ilikuwa kweli. Pale ubaoni palikuwa na tangazo la harambee yetu ya mabati, na picha ya mheshimiwa mgeni wa heshima, anatabasamu, na rangi za chama chake zimejaa kutoka juu mpaka chini. Aliyelibandika ni mimi.

Wapendwa, nataka tuzipime sababu zangu moja moja, kwa sababu uchaguzi wa 2027 unakuja, na ubao bado uko mkononi mwangu.

Tuanze na siasa. Nilikuwa nimejifundisha bila kujua kwamba siasa inayoleta mabati ni baraka, na siasa inayouliza habari za damu ni uchafu. Lakini nikisoma Biblia sioni hivyo. Nabii Nathani aliingia kwa mfalme Daudi, na hakuenda kumwomba mchango wa ujenzi. Alienda kumwuliza juu ya mtu mmoja aliyekufa. Naboti alipouawa kwa ajili ya shamba lake, Eliya alitumwa kwenda kukutana na Ahabu pale pale shambani. Damu ikimwagika, Mungu anauliza. Alimwuliza Kaini kabla hakujakuwa na serikali, chama wala uchaguzi. Kwa hiyo swali la kijana halikuwa limetoka kwenye siasa. Lilikuwa limetoka Mwanzo sura ya nne, na siasa ndiyo iliyolikuta njiani.

Sisemi kila karatasi iingie kanisani. Kuna karatasi inayomuuza mtu, na kuna karatasi inayomwuliza mtu. Ile inayosema "mchague fulani" nitaikataa, na kuanzia sasa nitaikataa hata kama fulani ameleta mabati. Lakini ile inayoniuliza ndugu yangu yuko wapi, nikiiita siasa ninajificha kama Kaini alivyojificha.

Sasa tuje kwa moyo. Hii ndiyo sababu niliyoitegemea zaidi, kwa kuwa inafanana na Injili. Si ni kweli kwamba uovu hutoka moyoni? Bwana Yesu mwenyewe alifundisha hivyo. Na watu hupenda kusema, Kaini hakuwa na bunduki.

Ni kweli, hakuwa nayo. Lakini endelea kusoma sura hiyo hiyo, usifunge Biblia pale kwa Kaini. Vizazi vichache baadaye anatajwa Tubal-kaini, mfua shaba na chuma. Na mara tu baada ya mfua chuma huyo kutajwa, baba yake Lameki anasimama mbele ya wake zake kujisifu kwamba ameua, na kwamba kama kisasi cha Kaini ni mara saba, chake ni sabini na saba. Moyo ni ule ule wa Kaini. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna chuma, na hesabu imetoka saba ikafika sabini na saba. Mtu mmoja mwenye chuki na mikono mitupu huumiza mmoja, halafu majirani wanamkamata. Garissa walikuwa watu wanne.

Hiyo ndiyo hoja ya Maandiko. Lakini mimi sikubadilishwa na hoja. Nilibadilishwa na jambo langu mwenyewe, na ndilo linalonifanya niandike.

Mnakumbuka mwisho wa 2007. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba, na kabla ya Mwaka Mpya huku kwetu kulikuwa kumewaka. Kwenye mashamba ya chai, wachumaji waliotoka jamii nyingine walivamiwa kambini mwao. Nyumba zilichomwa, watu walilala ndani ya majani chai na watoto, wengine hawakuamka. Halafu tarehe 31 Januari 2008 mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, akauawa kwa risasi ya polisi kule Eldoret, na moto uliokuwa umeanza kupoa ukawaka upya.

Siku zile, usiku mmoja, vijana walikuja kwangu. Walikuwa watoto wa majirani, wengine nimewafundisha Shule ya Jumapili. Walisema wanalinda mpaka, kwamba watu wanakuja kutoka ng'ambo. Walijua baba yangu aliniachia upinde na podo ya mishale, na kwamba vimelala darini. Mke wangu akanikonyeza nikatae. Mimi niliogopa kuonekana msaliti. Nikapanda, nikateremsha, nikawapa. Mishale ilikuwa kumi na miwili.

Baada ya siku nne vijana waliirudisha, imefungwa vizuri na kamba. Nikaihesabu nilipokuwa nairudisha darini. Ilikuwa tisa.

Sikuuliza. Wapendwa, hiyo ndiyo dhambi ninayoikiri mbele yenu. Sikuuliza ile mitatu iko wapi, mpaka leo sijui. Labda ilipotea vichakani. Labda ilirushwa hewani kutisha watu. Lakini katika wiki hizo kuna watu walizikwa wakiwa na mishale mwilini, na mimi nilikuwa naimba kwaya Jumapili.

Sasa niambieni, moyo wangu ulikuwa na chuki? Nimejichunguza. Hapana. Jirani yangu kutoka Kisii, mchumaji wa chai tuliyekuwa tunaketi naye benchi moja kanisani, nilimpenda. Ningeulizwa kama nataka afe, ningelia. Nilikuwa na hofu, si chuki. Kwa hiyo kama ni habari ya moyo tu, mimi ni mtu safi. Na hapo ndipo nilipoona udhaifu wa ule msemo wangu. Moyo wangu naujua kidogo. Wa yule atakayekishika kitu baada yangu siujui kabisa. Silaha haikai na moyo mmoja. Inatoka mkono hadi mkono, na inadumu kuliko hasira iliyoinunua. Mtu anaweza kuokoka leo, lakini bunduki aliyoiuza jana haijaokoka.

Nathani alimwambia Daudi kitu cha kutisha. Uria aliuawa na upanga wa Waamoni, kule mbali vitani, Daudi akiwa nyumbani kwake Yerusalemu. Lakini Mungu aliuhesabu upanga ule kuwa wa Daudi.

Na Torati inalieleza jambo hili kwa mfano ambao sisi wafugaji tunauelewa kuliko watu wa mjini. Kutoka sura ya 21: ng'ombe dume akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe huyo auawe, na mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, na mwenyewe ameonywa, naye hakumfunga, basi mwenye ng'ombe ana hatia ya damu. Angalieni, wapendwa. Mwenye ng'ombe hakumchukia marehemu, pengine hata hawakujuana. Kosa lake ni kwamba alijua, na hakufunga. Vivyo hivyo Kumbukumbu la Torati 22 inaagiza kwamba ukijenga nyumba, uweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka ukaleta damu nyumbani mwako. Mungu hakuagiza tu watu wawe waangalifu moyoni. Aliagiza ukingo ujengwe. Ndiyo kusema sheria inayofunga kitu cha hatari haishindani na Injili inayobadilisha moyo. Mungu yule yule alizitoa zote mbili.

Kwa hiyo kijana alipouliza bunduki zilipitia kwa nani, alikuwa anauliza juu ya mwenye ng'ombe. Bunduki ya magendo haianguki kutoka mbinguni. Inapita mpakani, mtu anaipokea, mwingine anaificha kwenye lori la mkaa, mwingine anapewa kitu kidogo asifungue turubai. Kila mmoja wao anaweza kuapa hana chuki na mwanafunzi yeyote. Nchi zetu zenyewe zimelikubali hilo. Tarehe 21 Aprili 2004 serikali za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi, kwamba silaha ndogo ziwekwe alama, zihesabiwe, zifuatiliwe, na za magendo ziharibiwe. Na mwaka wa 2016, mwezi wa Novemba, serikali yetu iliteketeza bunduki 5,250 kwa moto kule Ngong. Huo ni ukingo wa dari. Ni mfupi bado, lakini ni ukingo.

Sababu yangu ya tatu ilikuwa kwamba karatasi haizuii risasi. Hapo pia nilisema kweli nusu. Tarehe 13 Machi 1996, kule Dunblane, Uskoti, mtu aliingia shule ya msingi na bastola zake, alizozimiliki kwa leseni, akaua watoto 16 na mwalimu wao. Wazazi na majirani hawakuwa na jeshi. Walikuwa na karatasi. Walizunguka wakikusanya sahihi, zikapita laki saba, na mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likapiga marufuku raia kumiliki bastola. Mwaka huo huo wa 1996 watu 35 waliuawa Port Arthur, Australia, na serikali ya waziri mkuu John Howard ikabana sheria, ikanunua bunduki zaidi ya laki sita kutoka kwa wananchi na kuziharibu.

Sitawadanganya kwamba kila bango hufaulu hivyo. Marekani, baada ya watu 17 kuuawa shuleni Parkland mwezi wa Februari 2018, wanafunzi walijaa barabara za Washington mwezi uliofuata na mabango yao. Miaka minne ikapita kabla Bunge lao la taifa kupitisha sheria ya maana juu ya bunduki, na kabla ya hapo watoto 19 na walimu 2 walikuwa wameuawa Uvalde, Texas. Karatasi huenda polepole. Lakini kuna kazi nyingine inayofanya wakati inasubiri sheria. Hapa kwetu, 2008, msanii mmoja wa Kibera anayeitwa Solo 7 alichukua brashi na rangi akaandika kuta na mabati ya mtaa ule kwamba amani inatafutwa, na inatafutwa ikiwa hai. Rangi haizuii panga. Lakini mtu aliyebeba kiberiti ilimbidi asome kwanza, na kusoma ni kusimama kidogo. Mimi usiku ule kama ningekuwa nimelisoma lile swali la kijana mara hamsini mlangoni mwa kanisa, labda ningesimama kidogo kwenye ngazi ya dari. Sisemi ningekataa. Nasema labda.

Najua kuna ndugu hapa atauliza swali gumu, na ni haki yake. "Mzee, ni rahisi kusema hivyo Kericho. Nenda Baringo au Turkana ukawaambie watu wasalimishe bunduki, na wezi wa mifugo wako bondeni." Ni kweli. Mwaka wa 2019 serikali ilichukua bunduki za polisi wa akiba, na watu wengi wa Bonde la Ufa upande wa kaskazini walilia kwamba wameachwa uchi. Baadaye ilibidi polisi wa akiba waajiriwe upya. Ukimnyang'anya mmoja na jirani yake anabaki nayo, hujaleta amani, umechagua nani atakufa. Nehemia naye aliwaruhusu wajenzi kushika silaha mkono mmoja na kazi mkono mwingine. Na Bwana Yesu alipowataja wanafunzi panga, wao wakaonyesha mbili, akasema yatosha. Lakini panga moja kati ya hizo ilipotumika usiku ule, ilikata sikio la mtumwa, na Bwana akalirudisha, akaamuru upanga urudi mahali pake.

Ninachokiona ni hiki. Nehemia alijua kila mkuki uko kwa nani na uko ukutani kwa kazi gani. Siku ukuta ulipokwisha, kazi ya mkuki ilikwisha. Silaha yenye mtu wa kuulizwa si sawa na silaha iliyolala darini bila jina. Na hili linamhusu hata askari. Warumi 13 inasema mwenye mamlaka habebi upanga bure, na mimi naheshimu hilo. Lakini Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa baada ya uchaguzi wa 2007, na 405 kati yao walikufa kwa risasi, wengi wao risasi za polisi. Tarehe 25 Juni 2024 vijana wengine wakapigwa risasi mbele ya Bunge. Mtumishi wa Mungu wa Warumi 13 ni mtumishi, na mtumishi huulizwa na bwana wake. Kuuliza risasi hiyo ilitoka bunduki gani na kwa amri ya nani si kuasi.

Halafu muitazame hesabu hiyo tena. Wengi wa wale 1,133 hawakufa kwa bunduki. Walikufa kwa panga, moto, na mishale. Karatasi ya kijana ilichora bunduki, nami nikajiona niko salama kwa sababu sina bunduki.

Mwezi uliopita niliiteremsha ile mishale tisa. Nilimpelekea mchungaji, tukaomba, na kwa ruhusa yake tukaipeleka kwa fundi wa jua kali pale sokoni, nikamwomba afue jembe, kama Isaya alivyoona mataifa wakifua panga zao. Fundi aliipima vichwa vile mkononi akacheka. "Mzee, hii chuma haitoshi jembe. Hata kisu haitoshi. Leta nyingine."

Basi, wapendwa, ndicho ninachowaomba. Leteni nyingine. Kule Msumbiji baada ya vita vyao, kuanzia 1995, Baraza la Wakristo likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane liliwaambia watu walete silaha walizofukia, wapewe majembe, baiskeli na cherehani. Walileta maelfu. Sisi hatuna cherehani za kutoa. Lakini kama una mishale, pinde, au panga lile ambalo unajua halikununuliwa kwa kazi ya shamba, mlete mchungaji habari, hatutakuuliza mbele ya watu. Kama ni bunduki, hiyo usilete kanisani. Zungumza na mchungaji kwanza, naye atafuatana nawe kwa vyombo vya serikali, usiende peke yako.

Yule kijana sasa ni mwalimu huko Bomet, ana watoto wawili. Nilimpigia simu kumwomba msamaha. Alinyamaza muda, akasema karatasi bado iko kwa mama yake, nyuma ya kabati, panya wamekula pembe moja. Nikamwomba ailete hivyo hivyo.

Jumapili ijayo mtaikuta ubaoni, mahali alipokaa mheshimiwa. Vikundi vya nyumbani vya Jumatano, nawaomba msijadili serikali kwanza. Anzeni na dari zenu. Nami yule jirani wa Kisii, Mungu akipenda, nitaenda kumwona kwake kabla mvua hazijaanza. Nitamwambia habari ya mishale kumi na miwili, na kwamba ilirudi tisa.

Mungu awabariki.